YATIMA WA MOMBASA
Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, na haki ya mtoto aliyefiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mauti na uhai. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyezaliwa hali ya kuwa yatima, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Risala hii ndogo twawaelekezea ndugu zetu wanaume wa Chamazi, katika Temeke ya Dar es Salaam, na majirani zao wa Mbagala na Mbande, na kila Mwislamu wa pwani itakayemfikia. Mambo ya maiti, alhamdulillahi, twayajua. Mtu akifa, mmoja wetu huenda kununua sanda, mwengine huenda kusimamia kaburi, mwengine hufuata jeneza msikitini, na wengine huangalia mikeka na chakula cha wageni waliokuja kuhani. Hapana mtu wa pwani azikwaye peke yake.

Lakini liko jambo moja ambalo katika mbio hizo twalisahau, nalo ni mtoto wa marehemu. Mara nyingi yeye hupelekwa nyumba ya pili ili asione wala asiulize. Akiuliza baba yu wapi, huambiwa kuwa amesafiri. Tanga likiondoka watu hurudi makwao, mikeka hukunjwa, naye hubaki na swali lake kifuani. Twamdhania kuwa amesahau kwa sababu twamwona akicheza. Kumbe hakusahau, ila hajui la kusema wala wa kumwambia.

Kwa ajili hiyo tumeona tuwaeleze maisha ya mwanachuoni mmoja ambaye jina lake lajulikana pwani nzima, naye alifiwa na baba yake angali mdogo sana. Wengi wamjua kwa elimu yake na kwa kalamu yake. Wachache hukumbuka kuwa alikuwa yatima, na kwamba nyuma ya elimu ile alikuwako mtu mzima aliyesimama mahali pa baba yake.

KUZALIWA KWAKE NA NASABA YAKE

Jina lake ni Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1891, sawa na mwaka 1308 wa Hijra. Ukoo wake ni ule wa Mazrui, ambao walikuwa watawala wa Mombasa hata mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji. Wakuu wa ukoo walikamatwa wakapelekwa mbali ng'ambo ya bahari, wala hawakurudi. Basi ukoo huo uliijua huzuni kabla ya yeye kuzaliwa. Watoto wengi walibaki bila ya baba, na walio hai wakawalea.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa zama zake. Alisoma Makka, akarudi Mombasa, akasomesha. Kwa ajili ya itikadi yake alifungwa Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash, akafunguliwa mwaka 1888, Sayyid Barghash alipokwisha kufariki na Sayyid Khalifa kushika ufalme. Al-Amin alizaliwa baada ya taabu hiyo, katika miaka ya mwisho ya mzee wake.

KUFIWA NA BABA

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka minne.

Na tusimame hapa kidogo, ewe msomaji, tufikiri mtoto wa umri huo ni mtu gani. Bado hajui kuwa mauti hayana kurudi. Akiona mlango wafunguliwa jioni hudhani ni baba. Ataambiwa leo kuwa amekufa, na kesho atauliza atarudi lini. Wala si ukaidi wala upumbavu, ni akili yake ndiyo haijafika. Wajuzi wa mambo ya watoto wa zama zetu wameeleza kuwa mtoto wa miaka mitatu au minne huihisi huzuni mwilini mwake kabla ya kuifahamu akilini: hukosa usingizi, hushika nguo ya mama asimwachilie, hukojoa kitandani na hali alikwisha kuacha.

Tena mauti hayo hayakuja katika siku za utulivu. Mwaka 1895 vita viliwaka baina ya Waingereza na Mazrui wa upande wa Gazi na Takaungu. Mwaka uliofuata Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliuvuka mpaka pamoja na wafuasi wake, akaingia katika milki ya Wadachi, akakaa hapa kwetu Dar es Salaam mpaka mauti yake. Hivyo kijana Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitano wakati jamaa wa ukoo wake walipotawanyika, wengine vitani, wengine uhamishoni. Mtoto aliyefiwa na baba, na ukoo umo katika msukosuko, angeweza kupotea kabisa. Hakupotea. Kwa nini?

MLEZI WAKE

Alitoka mtu katika ukoo akamchukua. Naye ni Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni na kadhi, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu. Huyu alikuwa mlezi wake na mwalimu wake pamoja. Hakumpa chakula na nguo tu, kisha akamwacha aokote elimu njiani. Alimkalisha mbele yake, akamsomesha Kurani na fikihi na lugha ya Kiarabu.

Jambo hili laonekana dogo, nalo ni kubwa. Mtoto aliyefiwa hupotewa na mambo mawili kwa siku moja: hupotewa na mtu ampendaye, tena hupotewa na mpango wa siku zake. Hajui tena nani atamwamsha, nani atamwuliza amesoma nini, nani atamkemea akikosa. Ukimpa mtu mzima mmoja ambaye kila siku yupo mahali pale pale, na darasa ambalo kila siku laanza saa ile ile, umemrudishia ardhi chini ya miguu yake. Machozi hayatakatika kwa hayo, lakini atayatoa hali amesimama.

Alipokua alikwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao walikuwa taa za elimu katika pwani yote, na wote wawili walifariki mwaka 1925. Basi yatima yule hakukua chini ya mkono mmoja tu. Mlezi alimtia elimu, kisha elimu ikampatia mashekhe wengine. Na kila sheikh humwona mwanafunzi wake kuwa mwana.

KALAMU YAKE

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianzisha Mombasa gazeti dogo aliloliita As-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Humo alikemea ujinga, israfu na mila zisizo na asili katika dini, akawahimiza Waislamu wasomeshe wana wao, wa kiume na wa kike. Makala zake za As-Sahifa baadaye zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alishika ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Katika vitabu vyake viko viwili vinavyotuhusu leo. Cha kwanza ni Hidayatul Atfal, nacho ni cha kuwaongoza watoto katika dini yao. Mwanachuoni wa daraja yake angeweza kuwaandikia wanavyuoni wenziwe tu, lakini aliinama akawaandikia wadogo. Cha pili ni tarikhi ya ukoo wa Mazrui, aliyoiandika kwa Kiarabu, nayo ilipigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka mingi baada ya kufa kwake.

Fikiri juu ya kitabu hiki cha pili. Aliyefiwa na baba kabla ya kutimiza miaka minne hawezi kumkumbuka sana. Aliyoyajua juu ya baba yake na wahenga wake hana budi aliyapata kwa watu wazima waliomhadithia, na kwa karatasi walizomhifadhia. Lau wangalinyamaza kwa kudhani kuwa kumtaja marehemu ni kumtonesha mtoto kidonda, asingalikuwa na la kuandika. Kumtaja marehemu kwa wema si kumtonesha mtoto. Kinachomwumiza ni kule kuona jina la baba yake limefutwa katika nyumba, hata yeye mwenyewe aogopa kulitamka.

ASILI YA JAMBO HILI KATIKA MWENENDO WA MTUME

Mlezi yule hakuzua jambo. Aliifuata njia iliyokwisha kupitwa na aliye bora kuliko wote. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alifiwa na baba yake kabla ya kuzaliwa, na mama yake Bibi Amina akafariki Abwaa, njiani baina ya Madina na Makka, naye ana umri wa miaka sita. Alirudishwa Makka na mjakazi Ummu Ayman, ambaye tangu hapo Mtume alimhesabu kuwa mama. Babu yake Abdul Muttalib alikuwa akimkalisha juu ya tandiko lake mwenyewe kivulini mwa Al-Kaaba, mahali ambapo hata wanawe wakubwa hawakukaa. Babu naye alifariki, mtoto ana miaka minane, akachukuliwa na ami yake Abu Talib, aliyekuwa na watoto wengi na mali kidogo. Mwenyezi Mungu alimkumbusha hali hiyo katika Sura ya Wadh-Dhuha, kuwa alimkuta yatima akampa makao, kisha akamkataza kumwonea yatima.

Naye hakusahau. Katika mwaka wa nane wa Hijra, sawa na 629, binami yake Jaafar bin Abi Talib aliuawa katika vita vya Muuta. Mtume hakutuma mtu kupeleka habari. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mkewe Asmaa binti Umays, akataka aletewe watoto, akawakumbatia na kuwanusa, na macho yake yakamwaga machozi mbele yao. Aliamrisha jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu alirudi, akaita kinyozi awanyoe watoto. Akamwambia mmoja kuwa afanana na Abu Talib, na mwengine kuwa afanana na yeye Mtume kwa sura na tabia. Mama yao alipotaja unyonge wao, akamjulisha kuwa yeye ndiye walii wao duniani na akhera.

Tazama mpango wa mambo hayo. Alikwenda mwenyewe, aliwagusa, hakuficha machozi yake, aliwapa siku tatu, kisha akarudi. Alipowanyoa aliwatoa katika hali ya huzuni akawarudisha katika hali ya watu. Alipowafananisha na jamaa zao aliwaonyesha kuwa bado wana mahali pao katika ukoo. Na aliposhika ulezi mbele ya mama yao aliwaondolea hofu ya kesho. Hata kwa huzuni ndogo alikuwa hivyo: mtoto mmoja wa Madina, ndugu yake Anas bin Malik, alikuwa na kidege akichezacho, kikafa, Mtume alipomwona ana majonzi alimwuliza habari za kidege chake. Hakumwona mpumbavu kwa kulilia ndege.

NYUMBA YAFIWA TENA

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili mwaka 1947, sawa na mwaka 1366 wa Hijra, naye hajatimiza miaka 57. Na kama baba yake alivyomwacha yeye, naye aliacha watoto. Mmoja wao, Ali, alikuwa na umri wa miaka 14.

Mtoto wa miaka 14 hafanani na wa miaka mitatu. Huyu ajua kuwa mauti hayarudi, tena ajua nini kimepotea. Baba yake alikuwa amekusudia kumpeleka Misri kusoma Al-Azhar. Mauti yakaikata safari ile. Kijana alifanya kazi ya ukarani katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, kisha akapata njia ya kwenda kusoma Uingereza. Mwisho wake ulikuwa Profesa Ali Mazrui, mwalimu wa vyuo vikuu vya Uganda na Marekani, aliyefariki Oktoba mwaka 2014, akarudishwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya wazee wake karibu na Ngome. Hata uzeeni alikuwa akimtaja baba yake, na ile safari ya Al-Azhar ambayo haikuwa. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60. Basi asidhani mtu kuwa huzuni ya mtoto ni ya siku arubaini. Hukua pamoja naye, na katika kila hatua ya umri huuliza upya. Ikipata wa kuijibu huwa nguvu. Ikikosa huwa donda.

YATUPASAYO SISI

Mombasa ya zamani ukoo ulikuwa mtaa mmoja. Mtu akifa, ami yuko mlango wa pili, na kadhi ni jamaa. Chamazi yetu si hivyo. Viwanja vimejaa watu waliotoka Rufiji, Mafia, Kilwa, Lindi na kwengineko. Baba akifa, ami yake mtoto yumo bara au visiwani, huja kuzika akarudi. Kwa hivyo kazi ya Sheikh Suleiman huku kwetu yamwangukia jirani, na imamu, na mwalimu wa chuo. Tukisema si mwana wetu, hapana mwengine atakayemshika.

La kwanza, mtoto na aambiwe kweli siku ile ile, na mtu ampendaye, kwa maneno mepesi: kuwa baba amekufa, mwili wake hauoni maumivu wala njaa, hatarudi hapa duniani, na sisi tutamwombea. Tusimwambie kuwa amelala, asije akaogopa usingizi. Wala kuwa amesafiri, asije akakaa mlangoni akingoja, kisha akajua tulimdanganya. Akiuliza mara kumi na ajibiwe mara kumi.

La pili, na aambiwe kuwa hakosi lolote. Watoto wa miaka mitano, sita au saba hudhani aghalabu kuwa ukaidi wao, au neno baya walilolisema kwa hasira, ndilo lililomwua mzazi. Hawasemi, lakini hulibeba. Ni juu ya mtu mzima kulitaja kabla hawajaulizwa, na kuwaondolea mzigo huo.

La tatu, tusimkemee mtoto wa kiume kwa kulia. Dini imekataza kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kupasua nguo, haikukataza machozi. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahimu mbele ya watu. Na mtoto akilia kisha akenda kucheza, tusimlaumu. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande, kama mvua ya vuli.

La nne, na asing'olewe katika mambo yake. Aendelee na chuo chake, na shule yake, na saa zake za kula na kulala. Ndugu wa tumbo moja wasigawanywe kama vyombo. Na tukumbuke kuwa mama yake yumo edani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa haja, naye mwenyewe moyo umevunjika. Nani atamshika mtoto mkono kwenda msikitini Ijumaa? Nani atamfuata kwa mwalimu? Nani atampeleka kaburini kwa baba yake akitaka kwenda? Kazi hizo ni za wanaume.

La tano, mali yake. Sura ya An-Nisaa mwanzoni mwake imeonya juu ya mali ya mayatima maonyo makali kabisa. Kiwanja, nyumba, pikipiki na fedha za marehemu ziandikwe mbele ya mashahidi na zirithishwe kwa sheria. Mtoto aliyefiwa na baba, kisha akamwona ami auza nyumba, amefiwa mara mbili.

La sita, na tumwangalie. Mtoto akiendelea kwa miezi na kukosa usingizi, kulalamikia tumbo lisilo na ugonjwa, kuogopa kupita kiasi, kuacha kusema au kusema kuwa ataka kumfuata baba yake, na apelekwe kwa tabibu, na mwalimu wake ajulishwe. Kutafuta dawa hakupingani na kutawakali.

Mtume ametujulisha kuwa yeye na mlezi wa yatima watakuwa Peponi karibu karibu kama vidole viwili vya mkono mmoja. Hakuishurutisha daraja hiyo kwa utajiri. Abu Talib alikuwa maskini. Aiwezayo ni kila mtu mwenye mkeka wa kumkalisha mtoto kando yake, na subira ya kumjibu.

Ewe Mola, mrehemu Sheikh Ali, na mwanawe Sheikh Al-Amin, na Sheikh Suleiman aliyemlea, na wote waliotutangulia katika imani. Wape mayatima wetu walezi wenye huruma, na utujaalie sisi kuwa miongoni mwao. Amin.